Kucha zinaharibikia kwenye kutoa jeli, si kwenye kupaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hii mada inaongelewa sana saluni na sokoni lakini inaongelewa vibaya, na wanaoumia ni wanawake wenyewe wanaotoa pesa yao. Mimi ni fundi wa kucha hapa Busia upande wa Uganda, wateja wangu ni wafanyabiashara wa mpakani, walimu, kina dada wa ofisi za kupitisha mizigo, mabibi harusi, na karibu kila anayekaa kwenye kiti changu akiwa na jeli ya zamani, ile rangi ya kucha inayokaushwa kwa taa, ananiambia maneno yale yale, kwamba jeli imemmalizia kucha, zimekuwa laini, zinamenyuka, zinakatika zikitokeza kidogo tu mbele ya kidole, sasa anataka nimpake kitu cha kuzipa nguvu halafu nirudishie jeli juu.

Mimi nasema jeli ikipakwa vizuri na ikatolewa vizuri haimalizi kucha ya mtu mzima mwenye afya. Kinachomaliza ni ile kuibandua. Na inabanduliwa vibaya kwa sababu moja ambayo hakuna anayetaka kuitaja, kwamba saluni nyingi hazilipishi kutoa, zinalipisha kupaka, kwa hiyo fundi anatoa mbio mbio ili afike kwenye kazi yenye hela.

Niwaonyeshe kinachotokea. Mteja anakuja jeli imekaa wiki nne au tano, imeinuka pembeni. Fundi anachukua kijiti cha chuma anaingiza pale palipoinuka anapindua, jeli inatoka nzima kwa mlio wa tak, mteja anafurahi kwamba imetoka haraka. Lakini igeuze hiyo jeli iliyotoka uiangalie kwa ndani. Utaona ina kitu cheupe kimeganda, kama unga mkavu. Hiyo si gundi. Hiyo ni kucha yako. Ni tabaka la juu la kucha limetoka pamoja na jeli, na hilo la juu ndilo gumu kuliko mengine. Ukirudia hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima umebaki na nini hapo? Umebaki na kucha nyembamba inayopinda ukifungua kopo la soda, na ukishika maji ya moto inauma.

Na wengine hawangoji hata fundi. Wako kwa taxi, wako kwa foleni ya benki, wanazibandua kwa meno. Dada zangu naomba sana hii muache.

Kutoa jeli ya kawaida kwa njia sawa si siri. Unachukua faili ya 180 (namba ni ukali wa faili, ikiwa ndogo ndiyo inakwaruza zaidi) unakwaruza ule mng'ao wa juu tu, kazi yake ni kufungua mlango ili asetoni, ile dawa ya kuyeyushia jeli, ipenye, usifike kwenye kucha. Ngozi ya pembeni unaipaka vaselini kidogo isikauke. Pamba ndogo ya saizi ya kucha, si bonge la kufunika kidole chote, unailowesha asetoni, unaiweka, unafunga na foili. Unangoja dakika 10 hadi 15. Ukifungua utakuta jeli imevimba imepasuka pasuka, unaisukuma taratibu kwa kijiti cha mbao na inateleza yenyewe. Ikigoma usilazimishe, funga tena dakika 5. Ni hapo kwenye zile dakika 5 za ziada ndipo kucha za watu wengi zinapookolewa au zinapoharibiwa, maana fundi anaona mteja mwingine amesimama mlangoni, anachukua chuma anakwangua.

Drili nayo, ile mashine ndogo ya kusugulia kucha. Sisemi drili ni mbaya, ziko jeli ngumu za kujengea ambazo asetoni haziyeyushi kabisa, hizo lazima zipunguzwe kwa faili au drili, na fundi mzuri anaacha safu nyembamba ya chini palepale anajenga juu yake bila kugusa kucha. Shida ni mkono. Ukiona baada ya kazi kucha ina mstari mwekundu umekata upande hadi upande karibu na ngozi, na pakiguswa panauma, hapo drili imekula kucha. Mstari huo hauponi, utasogea mbele na kucha mpaka ukatwe.

Na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Kucha unayoiona imekufa tayari, ni keratini, ni seli zilizobanwa tabaka juu ya tabaka. Iliyo hai ni ile sehemu iliyojificha chini ya ngozi, nyuma ya kale kamwezi keupe. Hapo ndipo kucha inatengenezwa na hapo ndipo damu inaleta chakula. Kwa hiyo mtu akikuambia kucha zinataka kupumua, hazipumui, hewa ya nje haziihitaji, na pia mtu akikuuzia chupa ya kulisha kucha kwa juu ujue hakuna mdomo hapo. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, ili itoke kwenye ngozi mpaka ncha inachukua miezi 4 mpaka 6. Kilichoharibika leo hakirekebishwi, kinasubiriwa kikue kikatwe. Nikimwambia mteja hivi ananuna, anataka dawa ya wiki moja. Haipo.

Sasa swali linakuja, je aache jeli kabisa hiyo miezi yote? Wenzangu wengine watasema ndiyo, apumzishe. Mimi naona inategemea. Kama ngozi inawasha, kama kucha imeachana na nyama, kama kuna rangi ya kijani au maumivu, acha, hakuna mjadala. Lakini kama ni kunyong'onyea tu na kumenyuka kwenye ncha, mara nyingi ukiziacha wazi zinazidi kumenyuka kwa sababu zinakutana na maji na sabuni na misukosuko bila kinga. Hapo safu nyembamba ya besi laini, yaani jeli ya chini inayopakwa kwanza, hii tunayoita raba besi, inasaidia. Nasema laini makusudi. Kucha nyembamba inapinda, ukiweka juu yake kitu kigumu kisichopinda, kucha ikipinda kile hakipindi, vinaachana, na hapo ndipo maji yanaingia. Besi inayopinda pamoja na kucha inakaa. Basi ikae nyembamba, kucha zikatwe fupi ziende sawa na ncha ya kidole, na besi ifungwe mpaka kwenye ukingo wa mbele wa kucha, ule ukingo ambao mafundi wengi wanauruka na ndio unaoanza kumenyuka.

Nisisitize ufupi. Mtu ana kucha dhaifu halafu anataka tipsi, zile ncha za bandia, ndefu za kuchongoka ili zifiche udhaifu. Kadiri ncha inavyokuwa ndefu ndivyo inavyoinua kucha kutoka mizizini ukigonga kwenye meza au mlango wa gari, na inayochanika si tipsi, ni kucha yako chini yake. Fupi mpaka ikue mpya. Nawaambia wateja hivyo hata kama napoteza hela ya tipsi.

Maandalizi pia yanakula kucha. Tulifundishwa wengi kwamba ukikwaruza kucha sana ndio jeli inashika, mtu anachukua faili ya 100 anasugua mpaka vumbi jeupe linajaa mezani. Jeli haihitaji hivyo. Inahitaji kucha isiyo na mafuta, na kale kangozi kembamba kaliko juu ya kucha karibu na mzizi kaondolewe vizuri, basi, halafu bafa nyepesi, ile faili laini, kutoa mng'ao. Jeli nyingi zinazobanduka baada ya siku chache zimebanduka kwa sababu zilipakwa juu ya kale kangozi au juu ya mafuta, si kwa sababu kucha haikukwaruzwa.

Maji ndio adui mwingine na huyu hatumtaji kabisa. Kucha inanyonya maji inavimba, ikikauka inasinyaa, ikilowa tena inavimba, na kila mara tabaka zinavutana mpaka zinaachana kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Fikiria siku ya mama wa hapa kwetu. Asubuhi vyombo, kisha kumenya matoke na utomvu wake, kisha nguo za watoto kwa beseni na sabuni ya unga, mchana vyombo tena, jioni samaki. Huyu hata kama hajawahi kuona jeli maishani kucha zake zinaweza kumenyuka, na wapo wengi namna hiyo. Kwa hiyo glavu za mpira za kufulia si maringo ya watu wa mjini, na ukiweza vaa glavu nyembamba za pamba ndani yake ili jasho lisilowanishe mkono. Wateja wangu waliozoea glavu naona tofauti kwenye kucha zao kuliko wote walionunua chupa za dawa.

Baada ya maji ni mafuta. Mafuta hayakuzi kucha, yanazuia isikauke ikawa ya kukatika, na inabaki na ule uwezo wa kupinda kidogo bila kuvunjika. Kwenye maduka ya vipodozi watakuuzia ya jojoba, ni mazuri, lakini sisi Uganda tuna moo yao, mafuta ya mti wa shea wa kaskazini, yanatoka kule Lira, Otuke, Kitgum, na shea yetu hii ya ukanda wa Nile ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, inayeyuka upesi mkononi. Tone dogo kwenye mzizi wa kucha na chini ya ncha asubuhi na usiku, hata kama una jeli juu, sugua. Ila siku ya kuja kupaka jeli usipake mafuta kabisa, njoo mikono mikavu, vinginevyo nitapaka na itabanduka na utanilaumu.

Kuna zile rangi za kukaza kucha, za formalini. Zinafanya kazi mwanzoni, kucha inakuwa ngumu kweli, na ndio maana watu wanazipenda. Lakini ukiendelea kila wiki inakuwa ngumu mpaka inakosa kupinda halafu inavunjika kama kioo, na ngozi ya wengine inazikataa. Kama kucha yako tayari ni kavu na ya kuvunjika usiiguse hiyo chupa, ya kwako inataka mafuta. Kuhusu kitunguu saumu, najua dada zangu wengi wanakisaga na kukiweka kwenye rangi ya kucha ya kung'aa isiyo na rangi au wanafunga kwenye vidole usiku kucha, naombeni muwe waangalifu, kitunguu saumu kibichi kikikaa kwenye ngozi muda mrefu kinaunguza kweli kweli, mtu anatoka malengelenge.

Na saa nyingine kucha inasema kitu cha mwilini. Ikiwa vidole vyote kumi vinamenyuka na ulikuwa huna historia hiyo, ikiwa katikati ya kucha pamezama mpaka tone la maji linaweza kukaa juu, ikiwa umechoka choka na umetoka kujifungua au hedhi yako ni nzito, nenda kituo cha afya wapime damu, upungufu wa madini ya chuma unaonekana hivyo, hata tezi ya shingo ikisumbua kucha zinaonyesha. Chakula tunacho hapa hapa, maharage, mayai, mboga ya dodo, dagaa wa mukene wa Majanji. Vidonge vya biotini vinauzwa sana sasa hivi, kuna utafiti mdogo wa zamani ulioonyesha vinawasaidia baadhi ya watu wenye kucha za kuvunjika wakimeza kwa miezi, lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, biotini nyingi mwilini inavuruga baadhi ya vipimo vya damu, vya tezi na hata kile cha moyo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Ukienda kupima mwambie daktari kwamba unameza.

Na mstari mweusi kwenye kucha moja. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi mistari kwenye kucha ni kawaida na mingi haina neno, lakini ukiwa kwenye kidole kimoja, unapanuka, au weusi umeingia mpaka kwenye ngozi, usifunikwe na jeli, uonekane na daktari wa ngozi. Bob Marley ile saratani iliyomuua mwaka 1981 ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Fundi ndiye anayeona kucha za watu zikiwa uchi kila mwezi kuliko daktari yeyote, kwa hiyo tusione haya kumwambia mteja.

Mhariri, kuna la aleji ambalo linanitia hofu zaidi ya haya yote, kwa sababu kucha iliyokonda ikitunzwa itakua tena lakini aleji hii ikikuingia mara nyingi ni ya maisha. Jeli mbichi, kabla haijakaushwa na taa, ikigusa ngozi tena na tena, mwili wa baadhi ya watu unaanza kuikataa. Vidole vinawasha, vinapasuka, kucha inaachana na nyama, na wengine wanavimba kope za macho bila kujua kwamba chanzo ni mikono waliyoshika nayo uso. Kemikali yenyewe ya kwenye jeli inayoshukiwa sana inaitwa HEMA. Ulaya tangu mwaka 2020 waliweka sheria kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA ziwe za mafundi tu na ziandikwe hivyo kwenye chupa, na kitu kingine kinachosaidia jeli kukauka kwa taa, kinaitwa TPO, wamekipiga marufuku kabisa kuanzia Septemba 1, 2025. Kemikali za familia hiyo ya HEMA ziko pia kwenye dawa za kuziba meno na kwenye saruji ya mifupa wanayotumia madaktari wakibadilisha nyonga, kwa hiyo mtu aliyepata aleji kwa ajili ya rangi ya kucha anaweza kuja kusumbuka siku anahitaji matibabu.

Sisi huku tunanunua chupa Kikuubo kule Kampala au tunavuka tunachukua Nairobi, nyingine haina hata orodha ya vilivyomo, tunapaka tu. Mimi nimeamua chupa isiyo na maandishi siinunui. Na kwa fundi mwenzangu, jeli ikimwagikia ngozi ifute kabla ya kuwasha taa, paka safu nyembamba maana nene inakauka juu inabaki mbichi chini, na zile taa ndogo dhaifu za kuchomeka kwenye simu usizitegemee, jeli inaonekana ngumu ukigusa kumbe ndani bado. Ningeomba na UNBS, shirika la viwango la Uganda, wanaotukagulia krimu za kuchubua ngozi, waziangalie na hizi jeli na akriliki, ule unga na maji yake ya kujengea kucha za bandia, hasa ile akriliki ya bei rahisi yenye harufu kali inayotoa machozi na isiyoyeyuka kwa asetoni. Ikigoma kuyeyuka na bei iko chini sana usikubali iwekwe mkononi mwako.

Sasa narudi kwa ile hoja ya pesa maana ndiyo iliyonifanya niandike. Wenye saluni, wekeni bei ya kutoa. Hata shilingi 5,000 tu, iandikwe ukutani peke yake, tofauti na bei ya kupaka. Mteja akiona bei atauliza kwa nini, na hapo fundi anapata nafasi ya kueleza kwamba analipia dakika 20 za uvumilivu ili aondoke na kucha yake. Fundi anayelipwa kwa kutoa hana haraka. Fundi asiyelipwa atatumia chuma, hata umfundishe namna gani, ana watoto wa kulisha na siku ni fupi.

Na wateja, mkija njooni mapema, wiki ya pili au ya tatu, msingoje jeli iinuke. Kucha ikikua ule uzito wa jeli unasogea mbele, ncha inakuwa nzito mzizi mwepesi, hapo ndipo inavunjika, na palipoinuka maji yanakaa na bakteria wanazaa, ndiyo ile rangi ya kijani watu wanaifikiria ni ukungu. Kama huna hela ya kupaka upya njoo utolewe tu, ukae na mafuta na glavu mpaka uwe na hela, hakuna aibu kwenye kucha fupi safi. Ukisikia fundi anaanza kupindua kwa chuma, vuta mkono wako umwambie dada, nifungie foili, nitangoja. Una haki hiyo.

Nashukuru kwa nafasi Mhariri.

Fundi wa kucha,
Busia, Uganda